Upanga wa Harusi ya Shemeji

Shemeji yangu si mwanajeshi. Hata skauti hakuwahi kuwa. Kazi yake ni kusimamia mabawabu wa usiku huko Eneo la Viwanda, na silaha anazozijua ni rungu na tochi. Lakini alipopeleka posa Kahawa kwa mzee mmoja, sajini mstaafu, mzee aliyafunga mazungumzo yote ya mahari kwa maneno machache: "Kwetu sisi keki hukatwa kwa upanga." Huenda alikuwa anatania. Wanajeshi wazee hutania wakiwa wamekunja uso, hujui ucheke au usimame wima. Shemeji alisimama wima. Akaitikia "Ndiyo, Afande," akaturudia Komarock na habari hiyo, na tangu hapo nyumba yangu ikawa kambi.

Si kwamba mzee alibuni. Ofisa wa jeshi akioa, wenzake hujipanga safu mbili nje ya kanisa, wakainua panga zao zikakutana ncha juu, maharusi wakapita chini yake, na baadaye keki ikakatwa kwa upanga. Hiyo ni heshima ya ofisa. Bawabu akitaka yake, ajitafutie upanga.

Hapo ndipo baba watoto alipokohoa. Nilikijua kikohozi kile. Baba watoto ni mwalimu wa historia, na kwa miaka mingi alikuwa akingoja mtu yeyote katika ukoo wake ahitaji upanga.

Chanzo cha maradhi yake ni ziara ya shule Mombasa. Alipeleka darasa Fort Jesus, ile ngome Wareno waliyoianza 1593, wanafunzi wakaenda kununua viazi karai, yeye akabaki mbele ya kabati la vioo. Aliporudi alitueleza mezani, chakula kikipoa, jinsi Francisco de Almeida alivyoichoma Mombasa mwaka 1505. Jinsi Waomani walivyoizingira ngome hiyo tangu 1696 na kuitwaa 1698. Na jinsi panga nyingi walizovaa mabwana wa Oman na Unguja zilivyokuwa na mpini wa Kiarabu lakini bapa la Ujerumani, kutoka mji wa Solingen, ambako wafua vyuma walitengeneza mabapa ya kuuza nchi za mbali. Hilo la mwisho lilimfurahisha kupita kiasi. "Upanga ni bapa," alikuwa akisema, "mpini kila mtu hujitilia wake." Watoto wakawa wanamwigiza wakati wa kuosha vyombo.

Kisha siku moja alienda Lavington, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba ili arudi kwao. Alikwenda kununua kabati la vitabu. Alirudi na upanga.

Ulikuwa mrefu, umenyooka, wa namna ile wanayovaa mashujaa wa Vita vya Msalaba kwenye filamu ya Kingdom of Heaven. Mpini wake ulikuwa wa rangi ya dhahabu wenye simba wawili waliopeana migongo. Bapa liling'aa hadi ukijisogeza unaona meno yako. Uzito, karibu kilo tatu. Baba watoto aliutundika juu ya televisheni kwa misumari ya inchi nne, na kila mgeni aliyeketi kwenye kochi lile alisogea taratibu mpaka mwisho wa kiti. Mimi nilikuwa nikiufuta vumbi siku ya Jumamosi, nikiwa nimesimama kwenye stuli, huku nikiomba dua.

Basi upanga tunao, bwana harusi tunaye. Kilichobaki ni kumfundisha shemeji kuushika. Mama mkwe, ambaye sote twamwita Susu kama watoto wanavyomwita, alikuwa ameshafika kutoka Kangundo kwa maandalizi, na alikuwa ametuletea maboga mawili. Wanaume walilichukua moja bila kuuliza mtu, wakaliweka juu ya tofali uani. Uani kwetu, kama hujafika Sekta ya Tatu, ni pale penye karo, kamba za nguo na ukuta wa jirani. Hakuna nafasi ya kugeuza kitanda, sembuse upanga.

"Kwanza tazama mimi," baba watoto akamwambia nduguye. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akautupa upanga juu ya bega, akaushusha.

Boga halikupasuka hata nusu. Mpini ukabaki mikononi mwake, simba wote wawili wakiwa salama. Bapa likaruka ukuta. Tukasikia mlio wa kitu kuvunjika, kisha mlio ambao kila mtu wa Komarock anaujua usingizini: maji yakimwagika. Ilikuwa siku ya zamu ya maji. Jirani alikuwa ameamka alfajiri kujaza tangi lake, na bapa la Vita vya Msalaba lilikuwa limekata koki yake safi kabisa, kazi ambayo lilishindwa kuifanya kwa boga. Nashukuru Mungu hapakuwa na mtoto upande ule.

"Mama Watoto!" jirani aliita kutoka ng'ambo, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi. "Hiki kisu ni chenu?"

Tulishinda tukimbebea maji kwa ndoo.

Usiku huo, bapa lililala juu ya meza ya chakula na mpini kando yake, na baba watoto akiwa na miwani na simu. Mimi nami nilitazama, maana nililipa koki. Sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini, ule msuka, haikuwa sehemu ya bapa hata kidogo. Ilikuwa kijiti cha chuma chembamba chenye nati, kilichochomelewa kwenye kitako cha bapa kwa tone la moto wa kuchomelea, na pale pa kuchomelea palikuwa na kutu ya siku nyingi. Uzuri wote ulikuwa umening'inia hapo. Vitu vya kutundika ukutani hutengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa chuma kisichoshika kutu chenye kromi nyingi, kwa sababu kinang'aa bila kuhudumiwa na hakuna anayetarajia mtu mwenye akili zake apige nacho kitu. Bapa refu la chuma hicho halipendi kujipinda. Likilazimishwa, huvunjika.

Na ule uzito wa kilo tatu tuliodhani ndio uanaume wa upanga? Uongo mtupu. Waliozipima panga za karne za kati katika makavazi ya Ulaya wamekuta kwamba upanga wa mkono mmoja ulikuwa na uzito wa kilo moja na kitu, mara chache kufika kilo moja na nusu. Pakiti ya unga ninayoibeba kutoka dukani ni nzito zaidi. Hata ule mfereji unaopita katikati ya bapa, ambao shemeji aliapa ni wa kupitisha damu, kazi yake ni kupunguza uzito bila kulilegeza bapa. Mwingereza Ewart Oakeshott alizipanga panga hizo kwa umbo la bapa, akazipa namba za Kirumi kuanzia X, na mpaka leo wenye kuzipenda huzitaja kwa namba hizo. Baba watoto alikuwa mmoja wao kabla ya usiku wa manane. Msweden mmoja, Peter Johnsson, alizunguka makavazi akipima unene, uzito na mizani ya panga za kale, na kampuni ya Albion ya Wisconsin, Marekani, hutengeneza mpya kwa vipimo vyake, panga za kutumika kweli. Bei yake baba watoto aliisoma kwa sauti ndogo. Nikamwambia, kwa bei hiyo bibi harusi wenyewe tungewapata wawili. Akatafuta za Dehradun, India, ambako kuna kiwanda kinachofulia majeshi panga za gwaride. Nikamuuliza forodha atawaambia nini. Akazima simu.

Aliyetuokoa, au kututia motoni, sijui niseme lipi, ni Susu. Alikuwa ameketi pembeni akichambua maharagwe, hajasema neno tangu boga lake liuawe bure. Akaliokota bapa, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Hiki si chuma," akasema. "Baba yangu angekitupa."

Ndoa yetu ina miaka mingi na mimi sikujua kwamba babu wa baba watoto upande wa mamake alikuwa mhunzi. Susu alikulia kwenye mivukuto. Katika nchi ya Wakamba na ya Wakikuyu wahunzi walikuwa watu wa kuogopwa. Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha 1938, aliandika juu ya laana ya mhunzi na jinsi watu walivyoikwepa. Zamani chuma kilitoka kwenye mchanga mweusi wa mito, kikachomwa kwa makaa, kikafuliwa kuwa jembe, mkuki, sime. Kisha zikaja panga za dukani, zile zenye chapa ya mamba kutoka Birmingham, na mhunzi akabaki kufua alichokiokota. Babake Susu alifua springi za malori. Alisema hakuna chuma mzungu alicholeta kilichomfaa Mkamba kama hicho.

Baba watoto alisimama nusura aangushe maharagwe. Kumbe wenzao wa Kassala, Sudan, hufanya hivyohivyo: wahunzi wa huko hutumia springi za magari kufua kaskara, upanga mnyoofu wenye kikinga mkono cha msalaba, ambao ukiutazama harakaharaka utasema ni wa mashujaa wa Yerusalemu. Na chuma wanachokisifu watengenezaji wengi wa Marekani, chenye takriban asilimia 0.6 ya kaboni na kromi isiyofika asilimia 1, ndicho hasa chuma cha springi. Kwa hiyo upanga wa kweli ulikuwa umelala Gikomba kwenye rundo la vyuma chakavu, ukiuzwa kwa kilo.

Siku iliyofuata wakaenda Kamukunji. Nilifuatana nao kwa sababu pesa zilikuwa kwangu. Kwa msiokwenda huko, Kamukunji huisikia kabla ya kuiona: mamia ya nyundo kwa pamoja, juu ya mabati, juu ya madramu, mafundi wakiongea kwa ishara kwa sababu sauti haifiki. Rais Moi aliwatembelea 1985 wakiwa wanapigwa na jua, akaahidi vibanda, na vibanda vikajengwa. Jua limepungua, kelele hazijapungua. Fundi tuliyempata hufua patasi, mitaimbo na miguu ya majiko. Alimsikiliza mume wangu, akatazama picha kwenye simu, akamgeukia mwanafunzi wake. "Mwalimu anataka kisu cha mkate."

Lakini alikuwa fundi. Alichagua springi kutoka kwenye rundo kwa kuiangusha juu ya zege na kusikiliza mlio, kama Susu. Akainyoosha kwenye moto, akaikata kwa grenda kwa urefu, akaanza kuifua. Na jambo moja lilinivutia nikasahau nimesimama juani. Hakuanza na ncha wala makali. Alianza na msuka: akauvuta kutoka kwenye chuma kilekile cha bapa, mpana mabegani na kwenda ukipungua, mrefu wa kutosha kupita ndani ya mpini wote na kutokea upande wa pili. Mume wangu alipoona hivyo aliniangalia kwa macho ya mtu aliyetajwa kwenye wosia.

Bapa likapatikana, jeusi, lenye alama za nyundo, refu kama mkono wangu na zaidi. Hapo fundi akatua nyundo.

"Kulifua nimelifua. Kulikomaza siwezi. Moto wangu ni wa patasi, unashika kipande cha shubiri moja. Hili linataka kuiva lote kwa mara moja, kisha lizamishwe kwenye mafuta lote kwa mara moja. Ukilikomaza vipandevipande litapinda au lipasuke. Mwalimu, tafuta moto mrefu."

Akatupa bomba la chuma lililozibwa chini, la kutia mafuta, akatuombea heri.

Njiani, kwenye matatu, nilimwona baba watoto akitabasamu peke yake. Nikajua tayari amepata moto mrefu. Sisi tunao: lile dramu lililopasuliwa kwa urefu, tunalochomea nyama Krismasi.

Nawaomba wanawake wenzangu mliosoma mpaka hapa mvute pumzi.

Siku ya kukomaza upanga, dramu likajazwa makaa. Makaa yanahitaji upepo, mivukuto hatuna, kwa hiyo walichukua blow-dry yangu ya nywele, wakaifunga kwenye kipande cha bomba la bati, wakaipitishia hewa chini ya makaa. Mimi nilikuwa sokoni. Chuma cha springi huiva kwa kukomazwa karibu na nyuzi 830, na hakuna kipimajoto cha nyumbani kinachofika huko, lakini kuna hila ya kale: chuma kikifika kama nyuzi 770 huacha kushikwa na sumaku, basi unakisubiri kikatae sumaku, ukikipa moto kidogo zaidi ndipo unakitoa. Sumaku nayo itoke wapi? Kifungua mimba wangu, ambaye hesabu zake za shule si za kusifiwa, alijitolea mara moja. Alifungua wufa ya ami yake kwa bisibisi, akaitoa sumaku iliyo nyuma ya spika. Shemeji alikuwa ndani anajaribu viatu vya harusi.

Na mafuta? Fundi alikuwa amesema mafuta machafu ya gari yanafaa, ila yananuka. Baba watoto akasoma mahali kwamba mafuta ya kupikia yanafaa vilevile, hata ni bora, mradi yapashwe moto kidogo kwanza. Jikoni kwangu palikuwa na mtungi wa lita ishirini, wa mandazi na viazi vya wageni. Bomba likajazwa kutoka hapo.

Niliingia langoni na kikapu wakati bapa likiwa limeiva. Lazima niseme ukweli: lilikuwa zuri. Limelala ndani ya makaa, jekundu la machungwa kutoka ncha hadi mabegani, na rangi imekaa sawasawa bila doa, mfano wa kitu kinachopumua. Blow-dry yangu ilikuwa inalia kilio ambacho haijawahi kulia kichwani mwangu. Kitinda mimba alinyoosha sumaku iliyofungwa kwenye waya, ikagusa, haikushika. Baba watoto akalinyakua bapa kwa koleo, akaligeuza ncha chini, akalizamisha.

Moto uliruka kimo cha mtu.

Hilo linatarajiwa, niliambiwa baadaye. Mafuta yaliyo juu hushika moto kwa sababu ya chuma kinachopita, na ukizamisha upesi moto hufa wenyewe. Lakini bomba lilijazwa mpaka mdomoni. Chuma kilipoingia, mafuta yakafurika, yakamwagika chini yakiwaka, yakafuata mteremko wa sakafu kuelekea karo, na juu ya karo kuna kamba, na kwenye kamba shemeji alikuwa ameanika suti yake ya harusi ipigwe na upepo.

"Moto!" akapiga kelele jirani wa koki, ambaye siku hizo alikuwa hatoki dirishani.

Shemeji akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, akaibeba ndoo ya maji. Alikuwa ameshaiinua. Kama angeimwaga, mafuta yangeruka yakiwaka na leo ningekuwa naandika habari nyingine. Susu alimkamata ukosi wa shati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua mfuniko wa sufuria yangu ya shughuli, akaukandamiza juu ya mdomo wa bomba. Kisha akachota majivu ya dramu kwa sepetu akayamwaga kwenye ule mto wa moto, bila haraka, na ukazimika. Mwanawe alikuwa bado ameshika koleo, upanga umo ndani ya mafuta, nyusi zake hazipo.

"Ulijaza sana," Susu akamwambia. "Toa sasa."

Hasara: suruali ya harusi, mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka, leso mbili, kamba, nyusi, blow-dry, wufa, na lita saba za mafuta ya kupikia ambayo mume wangu aliyachuja kwa kitambaa na kutaka kuyarudisha kwenye mtungi. Hilo la mwisho tuliliongea chumbani, mlango umefungwa.

Bapa lilitoka limepinda kidogo sana, kwa kushoto, na tupa ilipopitishwa juu yake iliteleza bila kung'ata. Maana yake limekomaa. Lakini lililokomaa namna hiyo ni kama kioo, likianguka sakafuni laweza kukatika. Lazima lirudishwe kwenye moto mdogo lilegee kidogo, lipate kupinda na kurudi. Baba watoto aliwasha oveni yangu, akaliingiza, nusu nzima ikabaki nje ya mlango. Akaligeuza, ikabaki nusu nyingine. Alianza kupima mlango kwa futi. Nikamwita mamake.

Susu alilichukua bapa, akalisugua upande mmoja kwa jiwe mpaka likang'aa, akaketi kwenye kigoda mbele ya makaa yaliyofifia. Akawa analipitisha juu yake, taratibu, akienda na kurudi, bila kuliacha litue. Nilisogea. Kwenye ule mng'aro rangi zikaanza kuja: kwanza manjano hafifu ya majani makavu, ikatembea kutoka katikati kwenda pembeni, ikakolea kuwa kahawia, kisha, kwa ghafla, zambarau, na nyuma yake buluu. Manjano huja kwenye nyuzi kama 220, buluu kwenye 300 hivi, na Susu hajui namba hata moja kati ya hizo. Kila sehemu iliyofika kwenye zambarau aliiondoa motoni. Lile pindo la kushoto akalinyoosha kwa kuliegemeza juu ya goti lililovikwa gunia, kabla halijapoa. Watoto wangu, ambao hawakai kimya hata msibani, walikaa kimya.

Mpini ulichongwa na binamu yao wa Wamunyu, huko ambako kuchonga ni kazi ya kila nyumba. Hakuweka simba, aliweka mbao mbili za mpingo na mistari ya kuzuia mkono kuteleza. Fundi wa Kamukunji akapitisha msuka, akaugongelea kichwa upande wa pili, akanoa. Upanga uliokamilika tuliupima kwa mizani ya muuza nyama: kilo moja na robo. Ukiushika, unajisikia mwepesi zaidi ya hapo, kwa sababu kifundo kilicho nyuma ya mpini kinalivuta bapa mkononi. Shemeji aliuchukua kwa mkono mmoja, akashangaa, akanyamaza. Boga la pili lilikatika vipande viwili, vikabaki vimesimama vimegusana juu ya tofali, mpaka kitinda mimba alipovisukuma kwa kidole.

Kuusafirisha mpaka ukumbini lilikuwa suala la pekee. Kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu kinamtazama kwa jicho baya mtu anayekutwa na silaha hatari katika hali inayoonyesha nia ya uhalifu, na mwanamume asiye na nyusi ana hali hiyo usoni tayari. Tukaufunga kwa blanketi, blanketi kwa kamba, tukaulaza kwenye buti chini ya masufuria, Susu akaketi nyuma akiwa tayari kueleza.

Harusi ilikuwa nzuri. Ukizitazama picha kwa makini utaona koti ni la kijivu na suruali ni ya kijivu kingine. Keki ilikuwa ya ngazi tano. Mshereheshaji akaita, upanga ukatolewa kwenye ala ya ngozi, ukumbi ukashusha pumzi, na bwana na bibi harusi wakaushika mpini pamoja. Mwongozo ulikuwa wakate ngazi ya juu, kidogo tu. Hakuna aliyewaambia jinsi fundi alivyonoa. Bapa lilipita ngazi ya juu bila kusimama, likapita ya pili, likaingia ya tatu, na kutoka hapo, kupitia maikrofoni ya mshereheshaji, watu wote wakasikia mlio wa kukwaruza unaotia ganzi meno: sponji. Ngazi tatu za chini zilikuwa povu la kufungia televisheni, limepakwa sukari. Watu wa keki walikuwa wamelipwa za ngazi tano.

Mzee wa Kahawa alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akauchukua upanga kutoka kwa mkwewe, akafuta sukari kwa leso yake, akaugeuza na kutazama kichwa cha msuka pale kilipogongelewa. Akabonyeza ncha kwenye meza mpaka bapa likapinda, akaliachia, likanyooka. Tulingoja aseme neno. Akamuuliza baba watoto, "Springi ya lori gani?" Wakaondoka pamoja kwenda nje na hawakuonekana mpaka wakati wa zawadi.

Mimi nilifikiri sasa upanga utarudi juu ya televisheni, na nilikuwa nimejiandaa kukataa. Haikuhitajika. Susu aliuchukua. Alisema chuma alikikomaza yeye na boga lilikuwa lake, na mwana hashindani na mama. Ukaenda Kangundo, na huko, kwa mujibu wa wajukuu waliokwenda likizo, unakata majani ya nepia ya ng'ombe asubuhi na jioni, na kufyeka ua. Baba watoto alipopata habari hiyo alikaa kitandani muda mrefu.

Juzi Susu alipiga simu. Nilidhani anataka kusema pole. Alitaka kujua kama yule fundi wa Kamukunji anaweza kuukata upunguke shubiri moja, kwa sababu unagonga matawi, na kama anaweza kufua wa pili, kwa sababu jirani yake ameuona na yuko tayari kutoa mbuzi.

"Mwambie mwanangu," akasema, "aweke makaa. Mafuta nitakuja nayo mwenyewe."